Pipa la Buluu

Siku ya arobaini ya mjukuu wake wa kwanza, Bi Kidawa alichota maji ya kumwogesha kwenye lile pipa la buluu lililokaa uani miaka nenda miaka rudi. Binti yake, Mwamvua, alilikodolea macho. Juzi daktari alimuuliza kama utotoni aliwahi kuishi karibu na dawa za kuua wadudu. Daktari mwenyewe hakuwa na hakika, alisema, ila huenda ndizo zilizomharibia kizazi.

"Mama, pipa hili lilitoka wapi?"

"Baba yako alipewa kule shamba la pamba. Lilikuwa la dawa. Nililisugua kwa majivu na mchanga siku tatu nzima!"

"Lini?"

"Kaka yako alishaanza shule. Wewe na mdogo wako Siwema mlikuwa hamjazaliwa."

Kaka sasa ana mtoto, huyu wa leo. Mwamvua na Siwema, kila mmoja miaka kumi ndani ya ndoa yake, hawana.

"Mbona waniangalia hivyo? Si maji haya haya yaliyowakuza?"

Mwamvua alimnyakua mtoto, akamkumbatia kifuani.

Bi Kidawa alibaki na kata mkononi. Akalitazama pipa, akamtazama binti yake. Kisha, polepole, akaisogeza kata puani.