Mvua Aliyoitangaza Isihaka

Isihaka alitema ugoro palepale mlangoni, akalamba kidole cha shahada, akakiinua kupima upepo.

"Kesho mvua kubwa, mama Swaumu," alisema. "Makorongo yatafurika. Asitoke mtu. Na binti mfungie ndani."

 Mwantumu alikuwa anautazama ule ugoro unavyoteremka kwenye kizingiti alichokisiriba mwenyewe asubuhi ile. Kinyaa kilimpanda.

Mwanamume huyu alikuwa mpima hewa kwenye kambi ya Wazungu waliokuja kulima karanga, hapo Nachingwea. Kila asubuhi alirusha puto kubwa, akaangalia linakoelekea, kisha akapita nyumba kwa nyumba akitangaza mvua na jua. Hakuwa akikosea, tuseme kweli. Lakini huko majumbani alifunua vyungu bila kukaribishwa, akachovya vidole, akavilamba, akachovya tena. Wake wawili alikwisha kuwarudisha kwao kama madebe yaliyotoboka. Wenye mabinti mnawajua watu wa namna hii. Na sasa alikuwa anamtaka Swaumu.

Posa ya kwanza Mwantumu aliikataa kwa adabu. Ya pili aliikataa kwa ufagio.

"Umenisikia lakini, mama mkwe?" Isihaka alicheka, meno meusi.

"Mama mkwe wako katafute huko linakoangukia puto lako. Toka!"

Alipoondoka, Mwantumu aliosha kizingiti, akakiosha tena, kisha akainua macho juu.

"Swaumu! Hebu njoo. Unaona nini huko?"

Swaumu, binti mzima wa miaka ishirini, alitoka akijifuta mikono. "Vijiwingu, mama. Vyembamba, kama pamba iliyochambuliwa."

"Viko juu au chini?"

"Juu kabisa."

"Haya basi. Wingu la mvua hukaa chini, zito, kama moshi wa kuni mbichi. Au husimama kama kichuguu, kichwa kimetanuka. Hivyo vya leo havilowanishi hata jani."

"Lakini yule hakosei, mama."

"Hajakosea. Anadanganya."

 Mama yake alishusha sauti.

"Anataka watu wote wajifungie kesho. Wakijifungia, ukipiga kelele nani atatoka? Baba yako hayupo duniani, na humu ndani hamna mwanamume. Funga nguo zako. Alfajiri tunakwenda Ruangwa kwa mjomba wako Abdala. Mjomba akisema hapana, hakuna wa kulipindua neno lake, hata huyo Mzungu wa kambini."

Swaumu alivuta pumzi ndefu. Tangu posa ile ianze, hapo ndipo alipocheka.

Alfajiri walipanda lori la Mhindi lililokuwa linafuata muhogo Ruangwa. Jirani yao Mwamini aliwaona, akapayuka kutoka dirishani, "Wewe Mwantumu, una wazimu? Hukusikia mvua inakuja?"

"Nimesikia. Ndiyo maana natoka!"

"Mtalowa kama kuku!"

"Heri kulowa, shoga yangu."

Njia nzima ilikuwa vumbi. Mwantumu alikaa juu ya magunia, jicho halibanduki mbinguni. Vile vijiwingu vilizidi kuwa vyembamba, vikatawanyika, mbingu ikabaki nyeupe kama sahani ya bati iliyosuguliwa. Hata tone. Kila alipokumbuka yale meno alitema mate pembeni ya lori, lakini moyoni alijisifu. Mtu anadhani mpaka uwe na puto ndipo ujue mvua!

"Umeona?" alimwambia binti yake. "Wangapi wamejifungia huko nyumbani kwa uongo wa mtu mmoja?"

Walifika Ruangwa alasiri. Uani kwa Abdala wanawake walikuwa wanapepeta mchele, na ngozi ya mbuzi imewambwa ukutani, bado mbichi. Mwantumu alishukuru Mungu. Kaka yake ana neema, mwanawe hatalala njaa hapa.

Abdala aliinuka, mikono wazi. "Karibuni, dada yangu! Tumewangoja tangu asubuhi."

"Mmetungoja?" Mwantumu alisimama. "Nani kakwambia tunakuja?"

Abdala alielekeza kidevu barazani. Swaumu alitazama huko, akaikamata kanga ya mama yake kwa mikono miwili.

Juu ya mkeka mpya, kando ya mwalimu wa kuozesha, alikaa Isihaka ndani ya kanzu nyeupe, ugoro umemvimbisha mdomo.

"Shikamoo, mama mkwe," alisema. "Mjomba alipoikubali posa yangu, nilimwambia asihangaike kumfuata binti. Wewe unayasoma mawingu vizuri. Nikikutangazia mvua isiyokuwepo, utamleta mwenyewe."