Kamba Isiyooza

Winfrida aliitambua kamba ile kabla hajamwamkia mjomba wake. Ilikuwa imefunga vijiti vya maharage, safu nzima.

"Shikamoo, mjomba. Hii umeitoa wapi?"

"Marahaba, mpwa wangu. Nimeifukua kule juu nikilima, jembe likaikata. Kamba gani hii, haiozi!"

Winfrida akaishika pale ilipokatika. Uzi wa kioo uliopita ndani yake, mwembamba kama unywele, ukamchoma kidole. Ndani ya uzi ule leza, mwale mkali wa mwanga, ilikuwa imechora alama kwa mimweko ya haraka mno, bila kuukwaruza kwa nje. Ardhi ikisogea, alama huachana, mashine inayozisoma huona, na king'ora hulia. Ndivyo alivyowaeleza wanakijiji yeye mwenyewe alipoifukia mlimani, baada ya maporomoko kumchukua baba yake.

Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumapili. Mashine bado ilisoma kipande kilichobaki ardhini chini ya pale ilipokatwa, si kule juu, na asubuhi ilisema mlima umetulia.

"Mama yuko wapi?"

"Nyumbani, kule bondeni. Alitaka kuhama, nikamzuia. Nikamwambia, dada, king'ora cha mwanao hakijalia."

Winfrida akageuka kukimbia. Vijiti vya maharage vilikuwa vinatikisika, na hapakuwa na upepo.