Omba kwa Kiingereza

Kifungua mimba wetu alisimama mlangoni, mkono ameuficha mgongoni, midomo inamcheza. Baba yake hakuinua kichwa kwenye cherehani.

Sharti aliliweka yeye: chochote unachotaka humu ndani, maji, choo, hata kulala, kiombe kwa Kiingereza kilichonyooka. "Mimi kimenipita, mama," humwambia binti yake, "ndiyo maana napinda suruali za watu."

Wewe mzazi mwenzangu unayenisoma, sharti la nyumbani liachie mlango wa kutokea.

"Can I..." mtoto akaanza.

"Nitajuaje kama unaweza? Mtu akiomba ruhusa husemaje? Anza upya."

"Baba, I must..."

"Loo, leo umekuwa bosi wangu. Anza upya."

Nikacheka, na baba mtu akacheka. Mtoto hakucheka. Hapo harufu ikanifikia, na haikuwa ya kitambaa. Kitambaa kikiungua nakijua, nimeolewa na fundi. Nikakumbuka pasi chumbani, na sare niliyomtuma akanyooshe.

Nikamshika mkono, nikaufungua. Kiganja kilikuwa chekundu kitupu. Ngozi imejikunja pembeni kama utando wa maziwa.

"Kwa nini hukuniita, mwanangu?"

Alimtazama baba yake, macho yamejaa, na hata chozi moja lilikuwa halijadondoka.

"May I cry?" akauliza.

Cherehani ikanyamaza. Hata mimi niliyeishia shule ya msingi nilijua kwamba safari hii amepatia.