Jambazi wa Marekani, Saluni kwa Mamie

"Mwache huyo rais," Masika alisema, kichwa chake kikiwa mikononi mwa Mamie. "Leo tusimulie yule jambazi."

Wanawake waliokuwa wakisukwa walitazamana. Mjane anayeanua matanga kesho, anaomba jambazi? Lakini mteja ni mteja. Cédric akaweka chini maisha ya rais, akachukua kitabu chenye jalada lililochanika.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pale Berea, mtaa wa Johannesburg. Rasta nzuri hula nusu ya siku, na televisheni ya Mamie iliibwa zamani. Kwa hiyo Cédric aliokota vitabu vya mitumba kule Braamfontein, maisha ya marais, matajiri na majambazi wa Marekani, akavisoma kwa Kiingereza na kuvisimulia kwa Kiswahili. Na ole wake asimulie kikavu. Wale kina mama hawakutaka tarehe. Walitaka kujua rais alikula nini, mkewe alivaa nini, nani alilia. Asipotia chumvi walimzomea. Kabla ya hapo aliendesha magari ya watu, kisha akaacha ghafla, akasema barabara za Johannesburg zimemchosha. Nani asingechoka nazo?

Masika alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na uchungu ambao hakujisumbua kuuficha. Mumewe, Parfait, alikuwa mlinzi wa supamaketi moja upande wa kusini. Majambazi walimuua huko mwaka uliopita. Polisi walifungua jalada, wakalifunga. Maiti ilirudi na sare, mkanda na viatu. Kofia haikuonekana, wala mtu wa kueleza alikufaje. Hilo ndilo lililomkaa Masika kooni. Katika ukoo wao, siku ya kuanua matanga lazima mtu asimame aeleze marehemu alivyoondoka: alisema nini, alimtazama nani. Kesho angesimama nani? Mashemeji walishachoka kungoja. "Vua nyeusi," walimwambia, "mengine mwachie Mungu." Maneno rahisi hayo, kwao wasiolala peke yao.

"Mama Arlène, umeleta kitambaa?" Mamie alimuuliza Masika. "Nikimaliza nikufunge, zisitimke."

"Kiko mkobani."

Cédric alikohoa, akaanza. Wamarekani walikuwa na njaa miaka ile, mabenki yamewanyang'anya mashamba. Basi jambazi huyu, kijana mtanashati wa suti, akiingia benki, wapo waliomshangilia. Alikuwa na adabu kwa wanawake. Alikuwa na tabasamu.

"Huyo ningempikia," alisema Angélique kutoka kiti cha pili, na saluni ikacheka.

"Na mlinzi?" Masika aliuliza.

"Mlinzi gani?"

"Benki ina mlinzi. Kitabu kinasema nini juu yake?"

Cédric alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. "Alikufa."

"Jina lake?"

"Hawakuandika."

"Jambazi kaandikiwa kitabu kizima, na mlinzi hata jina hana." Sauti yake ilikuwa kali, na hakuna aliyethubutu kucheka. "Basi mtilie chumvi, Ya Cédric, kaka yangu. Mimi mwaka mzima sijaambiwa kitu. Niambie huyo alivyokufa, hata kama ni uongo. Nitaubeba huo."

Cédric hakuwa mtu mbaya. Wote pale wangekuambia hivyo. Alifunga kitabu, akabakiza kidole ndani.

"Hakupiga kelele," alisema polepole. "Aliinua mikono. Akasema, ndugu zangu, chukueni tu, mimi niko na mtoto. Lakini yule mdogo wao aliogopa, akafyatua. Dereva wao, aliyewangoja nje, aliona yote kwenye kioo cha gari. Dereva hakutaka mtu afe, mujue hivyo. Alikuwa dereva tu."

"Mwizi ni mwizi," alisema Angélique.

"Kisha?" Masika aliuliza.

"Kisha akakaa chini, kama mtu aliyechoka. Kofia yake ikaviringika mpaka kwenye mlango wa gari, ikapinduka. Ndani kuna mtu alikuwa ameishonea kitenge, isimwashe. Kitenge cha njano, kina kasuku. Dereva hawezi kukisahau kile kitenge."

Saluni ilipasuka kwa kicheko. "Kitenge, Marekani? Na kasuku?" Angélique alijishika mbavu. "Eish, Ya Cédric, leo umemwaga gunia zima la chumvi."

Cédric naye alicheka, akiwa amechelewa, akajifuta uso kwa kiganja. "Bon, kitambaa basi. Kitambaa chochote."

Masika hakucheka. Machozi yalimtoka bila sauti, na wenzake wakainamisha vichwa kwa haya. Wengine walifurahi kimoyomoyo: ametoa la moyoni, kesho atavua nyeusi akiwa mwepesi. Mamie alimfuta mashavu, akasuka rasta ya mwisho, akaichoma ncha, akamgeuza kwenye kioo.

"Umependeza, Mama Arlène. Lete hicho kitambaa nikufunge."

Masika alifungua mkoba. Hakumpa Mamie. Alikitandaza juu ya magoti yake, akakilainisha kwa viganja, kisha akainua macho kumtazama Cédric. Kilikuwa cha njano, chenye kasuku, na kona yake moja ilikuwa imekatwa duara, upana wa kofia ya mwanamume.