Unamwachia Nani Mpira?

Kwa mara ya saba mpira mweupe ulisimama mahali pabaya, na Grażyna akatabasamu.

Zenon alimwona kupitia mlango wa kioo wa klabu ya pool. Yeye alikuwa nje, miguu kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka, akijifanya anasoma tangazo la mashindano. Mkewe alikuwa ameweka nusu ukurasa wa daftari juu ya kitambaa cha meza. Alikuwa akiutia shimoni mpira mwekundu, na ule mweupe ukigonga ukingo, unarudi polepole hadi unasimama juu ya karatasi. Anauokota, anapanga upya, anapiga tena. Chai yake ilikuwa imepoa pembeni.

Upigaji wake haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa karatasi. Pale ilipowekwa, mtu wa mkono wa kulia angelazimika kuilalia meza, mguu mmoja hewani, ili aupige mpira unaofuata. Mwenye shoto angesimama zake vizuri na kupiga.

Zenon alicheza kwa mkono wa kulia.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa amecheza na mkewe Kombe la Jozi. Katika jozi wawili hupokezana, huyu pigo moja na yule pigo moja, kwa hiyo kila unapopiga unamtengenezea mwenzako. Grażyna alijua Zenon anautaka mpira wapi kama alivyojua anavyotaka supu yake ya bitiruti. Walikuwa wamelichukua kombe mara nne. Zenon alikuwa na miaka sitini na tatu, na hakuwa na jambo jingine la kujivunia mjini Kielce.

Na katika klabu nzima mwenye shoto alikuwa mmoja tu: Wiktor, fundi wa lifti, mtalaka, mwenye masharubu ya kuchanwa.

Bi Danuta wa kaunta akatoka kuvuta sigara.

"Ingia basi, Bwana Zenon. Au umeajiriwa ulinzi?"

"Yuko na nani?"

"Na mipira kumi na tano. Wivu wa nini, na mvi zote hizo?"

"Wiktor hupita hapa?"

"Hupita. Jana alikuwa anamwonyesha anavyosimama yeye akitaka kupiga." Danuta akacheka. "Fomu za jozi tunazifunga leo saa kumi. Ya mkeo iko tayari."

"Ameandika jina la nani?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nauza chai."

Hasira zilimpanda Zenon hadi mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Akausukumiza ndani ya mfuko wa koti. Danuta aliutazama ule mfuko, akaacha kucheka, akarudi ndani na sigara yake nzima.

Hata Danuta anamwonea huruma. Basi mji mzima ulikuwa unajua.

Sasa alielewa mambo ya nyumbani. Tangu Krismasi akili ya Grażyna haikuwa pale. Kijiko alikuwa akikiweka kushoto kwa sahani, na glasi ya chai kushoto vilevile. Alipoulizwa alisema amesahau. Mtu anasahau miezi mitatu? Alikuwa amezoea kumwandalia mwingine, wala si mumewe. Na chai yenyewe siku hizi alimpimia nusu glasi, kama mgeni asiyetakiwa.

Hata asubuhi hiyo. Zenon alikuwa anakata mkate, kwa mkono uleule ambao mwalimu wake wa darasa la kwanza aliuchapa rula kila uliposhika kalamu, akainua macho na kumkuta Grażyna anamtazama. Alikuwa anamtazama kwa makini, kama anayelinganisha watu wawili. Zenon aliushusha ule mkate bila hamu.

Kwamba yeye mwenyewe alikuwa akikosa mipira rahisi majira yote ya baridi, hilo alikuwa ameshalieleza. Kitambaa kilikuwa kimechakaa. Taa zilikuwa mbovu.

Ndani, mpira mweupe ukasimama tena juu ya karatasi. Zenon akasukuma mlango kwa bega.

"Unamwachia nani mpira huo?"

Grażyna hakushtuka. Alipaka chaki kwenye ncha ya fimbo, taratibu, kama anayetafuta pa kuanzia.

"Mwenzangu," alisema.

"Miaka kumi na moja, Grażyna. Ungeniambia usoni."

"Ningekuambia nini? Wewe mwenyewe huniambii."

"Sina la kukuambia mimi. Mwenye siri hapa ni wewe na huyo fundi wako."

"Wiktor nilimwomba anifundishe kitu kimoja tu. Sikujua mwenye shoto anautaka mpira wapi."

"Alaa. Sasa umejua."

"Nimejua. Imenichukua wiki sita."

Macho yalimuuma Zenon. Aliitazama ile karatasi, imechakaa katikati kwa kuangukiwa na mpira, na wivu wote ukamwishia, ikabaki huzuni tu.

"Haya," alisema. "Chezeni vizuri, basi. Nitakuja kuwapigia makofi."

Grażyna alizunguka meza, akamsogelea, akamtoa mkono wa kulia mfukoni. Hasira ilikuwa imekwisha, lakini mkono uliendelea kutetemeka. Aliushika kwa mikono yake miwili, bila kuutazama, mpaka Zenon akaacha kuuvuta.

Kisha akamtilia fimbo katika mkono ule mwingine.

"Pigia huu unaokatia mkate," alisema. "Mpira nimeshakuwekea."