Kompyuta ya Stoo

Fundi aliziamuru kompyuta zote za hospitali, isipokuwa za chumba cha upasuaji, zifute programu ya zamani ya picha na kujiwekea mpya. Zilitii moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki ya stoo peke yake. Kioo cha ofisini kwake kikamuuliza: "Programu inatumika. Ifungwe kwa nguvu?"

"Funga, bwana!" Bosi alikuwa nyuma yake, hatulii. "Watu wa stoo hao, wameiacha wazi wakaenda zao chai. Maliza tupande juu, shemeji yako yuko mezani anapasuliwa."

Fundi akapeleka kidole kwenye kitufe. Ukucha ulikuwa mweusi, umevilia damu, tangu jana alipobanwa na mlango akiwa amebeba kompyuta hiyohiyo ya stoo. Alikuwa akiipeleka juu kwa daktari wa upasuaji, anayepasua huku akitazama picha kiooni, maana ya kwake ilikuwa imekufa ghafla. Jina lake la stoo kwenye mtandao angelibadilisha baadaye, alijisemea.

Kidole kikaganda hewani.

"Sasa unaogopa nini wewe?" Bosi akapitisha mkono juu ya bega lake, akabonyeza mwenyewe.