Ekzosi Mpya ya Kadiri

Kadiri alikaza boliti ya mwisho, akaipangusa ekzosi mpya ya pikipiki yake kwa kitambaa mpaka akauona uso wake mwenyewe. Ile ya zamani, iliyotobolewa na kutu, ilikuwa imelala uani juu ya gazeti. Majirani zake wa Ganshoren, huku ughaibuni, walikuwa wamechoshwa na kelele za ile ya zamani.

Akawasha pikipiki. Iliwaka kwa sauti ya chini, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Akauzunguka mtaa, akarudi anatabasamu, akasimama uani, chini ya dirisha la jikoni.

Mama yake alikuwa pale dirishani, birika mkononi. Macho yake yalishafifia tangu Bujumbura, na kila siku huwa hateleki chai mpaka amsikie mwanawe akikata kona.

“Ni nani hapo?” mama akauliza. “Kadiri hayuko, papa. Ametoka na pikipiki.”

Kadiri akavua helmeti. Alitaka kucheka, asiweze.

“Ngoja tu,” mama akasema kwa upole. “Akifika pale kona, mie nitamusikia.”

Kadiri akazima injini. Akainama, akaokota spana, akaivuta karibu ile ekzosi ya zamani.